Mkono wa kuume ni upande gani, na kwa nini uitwe hivyo?

Swali lenyewe ni hili, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Tulikuwa na msiba wa bibi huko Pangani, njiani tukapotea, mzee mmoja akatuelekeza: mkifika kwenye mwembe shikeni mkono wa kuume, msikiti mtaupita mkono wa kike, nyumba iko mbele hapo. Dereva akakata kushoto kwa kujiamini kabisa, tukaishia shambani kwa watu. Kuume ni wapi hasa? Ni Kiswahili au ni kilugha cha kule? Mbona kanisani tunalisikia kila Jumapili? Mwenzangu anasema limetokana na kuuma, yaani mkono wa kutafunia. Na je nikilitumia leo nitaonekana nimekosea?"

Marahaba mwanangu, poleni sana na msiba, Mungu amrehemu bibi. Na dereva wenu asione haya, vijana wengi wa mjini wangekata kulekule alikokata yeye.

Jibu fupi kwanza, manake najua wengine mnasoma mistari miwili mnaondoka. Kuume ni kulia. Mkono wa kuume ndo mkono wa kulia, na mkono wa kike ndo mkono wa kushoto. Yule mzee aliwaambia kwenye mwembe mkate kulia, halafu msikiti mtauacha kushoto kwenu, mnakwenda mbele, nyumba hiyo hapo. Maelekezo yamenyooka, hayana kosa hata moja. Na sio kilugha, si Kizigua wala Kibondei, ni Kiswahili chenyewe, ila cha wazee.

Sasa kirefu, kwa anayetaka.

Neno lina vipande viwili, ku na ume. Hiyo -ume ndo ileile ya mume, mwanamume, kiume, ndume, dume la mbuzi. Kwa hiyo mkono wa kuume ni mkono wa upande wa kiume. Na mwenzake ni -ke, ile ya mke na mwanamke na kike na jike, ndo maana mzee wenu kushoto kakuita mkono wa kike, na ukifungua kamusi za zamani utakuta pia mkono wa kuke. Kuume na kuke, mmoja mwanamume mmoja mwanamke, walizaliwa pamoja kama jozi. Ukiielewa hiyo jozi umeshalielewa neno zima, mengine yote ninayoandika hapa ni nyongeza tu.

Hiyo jozi ndo inayolivunja wazo la mwenzako la kuuma. Kwanza kama kuume ni kung'ata, basi kike au kuke nako ni kufanya nini? Hakuna jibu. Pili Kiswahili hakiendi hivyo, kitenzi ukikiweka baada ya wa, ya, cha, kinabaki na mkia wake wa a: maji ya kunywa, kisu cha kukatia, kalamu ya kuandikia. Hujawahi kusikia kisu cha kukate. Kwa hiyo mkono wa kung'atia ungekuwa mkono wa kuumia, jina ambalo lingeleta balaa jingine kabisa. Ile e ya mwisho kwenye kuume ni e ya mume na mke, haihusiani na meno. Lakini mwambie asivunjike moyo manake kadondokea karibu na ukweli, kuna jina jingine la mkono huohuo ambalo kweli limetokana na chakula, nalo ndo tunalolitumia sote kila siku bila kulifikiria. Kulia.

Hili la kulia watu wengi wanalichanganya na machozi. Mtoto wa shule atakuambia mkono wa kulia ni wa kufutia machozi, nimeyasikia haya kwa watu wazima pia tena wenye digrii zao. Hapana, hapa ni kula, ukiongeza ile i ya kutendea unapata kulia, kama unavyopata kukatia kwenye kukata. Wazee walilitamka kwa urefu wake wote, mkono wa kulia chakula, halafu chakula kikadondoka njiani ikabaki mkono wa kulia, halafu mkono nao ukadondoka ikabaki kulia peke yake, mpaka leo konda anapiga kelele "kulia hapo kulia" na hakuna anayemkumbuka tonge.

Na ukitaka kuona kwa nini mkono upewe jina la chakula kaa kwenye sinia la shughuli yoyote ya pwani. Sinia la pilau liko chini kwenye mkeka, watu wanne watano wamelizunguka, kila mtu na sehemu yake mbele yake asivamie ya jirani, mkono wa kushoto umelala gotini umetulia kama haupo, wa kulia ndo unafanya kila kitu: unamega, unakusanya, unakaza tonge kwa ncha za vidole, na nyama ikiwa ngumu unaibana na kidole gumba unaichana kwa mkono huohuo mmoja, hakuna cha kuomba msaada wa pili. Mtoto akipeleka kushoto siniani anazabwa kikofi kidogo cha kiganja kabla hajafika. Kushoto una kazi yake inayojulikana, ya chooni, na hapo ndo mjadala unapoishia. Kwa Waislamu hili lina mkazo wa dini, kula kwa kulia, kuingia msikitini kwa mguu wa kulia, chooni unatanguliza wa kushoto, na maiti analazwa kaburini kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Lakini usifikiri mkono kuitwa wa kulia kumeletwa na Uislamu, manake majirani zetu wa mbali kabisa na pwani wana jina hilohilo.

Angalia. Wakikuyu wanasema guoko kwa ũrĩo, na kũrĩa kwao ni kula. Kinyarwanda ni iburyo, kutoka kurya. Waganda ni ddyo, na kulya ni kula. Washona huko Zimbabwe wanasema rudyi, na kudya ni kula, na Wazulu mkono wa kulia ni isandla sokudla, mkono wa kula, yaani kama Kiswahili kilichovaa koti jingine. Kutoka Mlima Kenya mpaka Durban mkono ni uleule na kazi yake ni ileile. Hapo hakuna aliyemuiga mwenzake juzi, hilo ni la ukoo mzima wa lugha za Kibantu.

Na lile jina la kiume nalo sio letu peke yetu. Ukiwa Kinshasa unaelekezwa njia kwa Kilingala utaambiwa loboko ya mobali, mkono wa mwanamume, hiyo ni kulia, na loboko ya mwasi, mkono wa mwanamke, hiyo ni kushoto. Na hayo sio maneno ya wazee huko, ni ya leo, dereva wa teksi anayatumia, mtoto anayatumia. Kwa hiyo yule dereva wenu angekuwa Mkongomani, mzee wa Pangani angeeleweka dakika ileile. Ndo mana nasema Wabantu wana njia mbili kubwa za kuuita mkono huu, kuna wanaoutazama unavyokula na kuna wanaoutazama kama mwanamume, na Kiswahili kwa tabia yake ya kukusanya kikachukua zote mbili, kikakaa nazo miaka na miaka bila kuona tabu.

Kwa nini mwanamume awe kulia na mwanamke kushoto? Hapo jibu unalijua, wa kulia kwa watu wengi ndo wenye nguvu, ndo unaoshika panga, jembe, mkuki, na waliokuwa wanagawa majina wakaona nguvu ni ya mwanamume, wa pili dhaifu wakampa mwanamke. Ni fikra za wakati wao. Mimi binafsi nikimwangalia mama yoyote anavyosonga ugali wa watu kumi, mkono wa kike umeshika sufuria isiende popote na wa kuume unazungusha mwiko, naona aliyegawa hayo majina hakuwahi kuingia jikoni. Lakini kazi yangu hapa ni kueleza neno sio kulihukumu, tuendelee.

Kitu kimoja kidogo cha wapenda sarufi, wengine rukeni. Hiyo ku ya mbele imetoka wapi? Mbona hatusemi mkono wa mume, au wa kiume basi, tunasema wa kuume? Na mbona kushoto nako kuna ku? Wengi watakuambia ni ku ya mahali, ile ya kule na huku na kwangu, yaani kuume ni huko upande wa kiume. Ni maelezo mazuri na hayana shida. Lakini mimi huwa nakumbuka pia kwamba mkono kwenye lugha nyingi za Kibantu una jina linaloanza na ku, Wanyarwanda wanasema ukuboko, na ile guoko ya Wakikuyu niliyoitaja juu ni ku hiyohiyo imelainishwa. Sisi Waswahili tumeliacha hilo jina tukashika mkono. Nami napenda kuamini kuume ni sifa iliyokuwa inaufuata ule mkono wa zamani wa ku, mkono wenyewe ukaondoka sifa ikabaki na nguo za mwenyewe. Vyovyote utakavyochagua, matokeo kwenye sentensi ni mamoja, kuume anatawala kwa: kuume kwake, kuume kwa Baba. Ukisema kuume yake umeharibu.

Haya, kanisani. Umeuliza vizuri sana hapa, manake ndo siri ya kuume kubaki hai. Wakatoliki kila Jumapili kwenye Kanuni ya Imani wanasema amekaa kuume kwa Baba. Waprotestanti Biblia yao kubwa, ile Union Version ya 1952 ambayo ndo imewalea wengi, imejaa kuume kila kona: "Uketi mkono wangu wa kuume" kwenye Zaburi ya 110, Petro anamshika yule kiwete mkono wa kuume anamwinua kwenye Matendo 3, na ule mstari wa Isaya 41 unaobandikwa kwenye vioo vya daladala, nitakushika kwa mkono wa kuume wa haki yangu. Kwa hiyo Mkristo wa Mbeya au wa Kisumu ambaye maisha yake yote hajafika Pangani neno analo mdomoni kila wiki. Tatizo analijua kama neno la mbinguni. Kuume kwa Baba linamlia masikioni kama jina la mahali fulani pa heshima huko juu, karibu na kiti cha enzi, na hajawahi kuwaza kwamba ni upande tu, kulia, upande uleule wa kukata kona. Dereva wenu kama ni msali wa Jumapili basi alikuwa nalo hilo neno miaka yote.

Wamisionari nao hawakulitunga. Krapf alifika Mombasa 1844, Steere alikuwa Unguja na kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kikatoka 1870, hawa waliandika walichokisikia kwa watu, na wakati huo kuume lilikuwa neno la kawaida la mtaani. Wakalichukua wakaliingiza kwenye tafsiri zao. Tafsiri inakaa miaka mingi haijaguswa, mtaa unabadilika kila kizazi, ndo hivo neno la sokoni likageuka neno la altare. Tafsiri za karibuni, kama Habari Njema, zimeshahamia kwenye upande wa kulia, kwa hiyo hata huko linaanza kupungua.

Lakini angalia kitu cha ajabu kidogo ndani ya hiyohiyo Union Version. Mathayo 25, kondoo wanawekwa mkono wa kuume na mbuzi mkono wa kushoto. Sio mkono wa kike. Mathayo 6, hata mkono wako wa kushoto usijue ufanyalo mkono wako wa kuume. Yaani kuume kaachana na mkewe kaoa kushoto. Kike na kuke hawakupanda madhabahuni, na kwa kuwa hawakupanda hawakupata wa kuwahifadhi, wakabaki kwa wazee wa pwani peke yao, mmojammoja. Kwa mawazo yangu aibu imechangia sana, manake uke na uume leo ni maneno ya hospitali na ya darasa la baiolojia, mtu anaona tabu kusimama barabarani na kusema kata kuke. Kuume kaokolewa na dini, kuke hakuwa na wa kumtetea. Kushoto yeye hana jinsia wala hana aibu, wala hana chakula, ni shoto tu, yule mtu wa mashoto anayeandika kwa mkono huo. Akapita katikati ya watu wote bila ugomvi.

Kuna majina mengine mawili matatu ya upande huohuo na naona nikiyaacha nitakuwa nimekudhulumu. Pwani ya kaskazini, Mombasa kwenda juu Lamu, wazee wana mkono wa kuvuli. Usifikiri ni kivuli cha mti, hapa kuna mvuli, neno la zamani la mwanamume, ambalo wewe unalijua kupitia mvulana. Kwa hiyo kuvuli na kuume ni wazo moja limesemwa kwa maneno mawili, tena mwanamume.

La pili ni la Waarabu, yamini. Kwa Kiarabu ni mkono wa kulia, na washairi wetu wanalitumia sana pamoja na mwenzake shemali, yamini na shemali, kulia na kushoto. Kwa watu wa kawaida yamini limebaki kwenye kiapo: kula yamini, yaani kuapa, kwa sababu mkono wa kiapo ndo huo. (Na tazama tena kitenzi, kula. Huu mkono hauachani na kula hata ukienda mahakamani.) Kwa Waarabu wa kale mtu wa kupima pande za dunia alisimama anatazama jua linapochomoza, mkono wake wa kulia ukawa kusini na wa kushoto ukawa kaskazini, ndo maana nchi iliyo kusini ikaitwa Yemeni, ya mkono wa kulia, na shemali kwao mzizi wake ni uleule wa kaskazini na wa kushoto. Mkono unazaa dira, sio dira inazaa mkono. Wafasiri wa Kurani kwa Kiswahili wao wamekwenda na kulia moja kwa moja, watu wa kuliani na watu wa kushotoni, kwa hiyo Mwislamu wa bara anaweza akasoma dini yake yote asikutane na kuume, wakati Mkristo jirani yake analitamka kila wiki. Neno la Waswahili wa pwani, Waislamu wengi wao, leo wanaolitunza zaidi ni wakristo wa bara! Mimi hili huwa linanichekesha kila nikilifikiria.

Mabaharia ndo hawana habari na mikono kabisa, jahazini upande unaitwa kwa upepo. Upande upepo unakotoka ni joshini, wengine goshini, na ule wa pili ni demani, basi. Ukimwambia nahodha wa kizamani kata kulia atakuuliza kulia ya nani.

Na hilo ni swali la maana hata barabarani. Wazee wanasema mkono wa kuume, sio kuume tu, kwa sababu upande ni wa mwili wa anayetembea. Mzee alikuwa amekuelekea wewe uso kwa uso, kuume kwake yeye wakati huo kulikuwa kushoto kwako, lakini kwenye desturi ya kuelekeza njia anajivua mwili wake anavaa wako, anasafiri na wewe kichwani: unafika mwembeni, unashika mkono wa kuume, msikiti unaupita mkono wa kike. Mikono yote hiyo ni yako. Ndo maana kitenzi ni kushika, kupita, kuacha, vyote vya mtu anayekwenda. Ukielekezwa namna hiyo usiangalie mkono wa mzee unanyooshwa wapi, msikilize tu, manake mkono anaweza akaunyoosha ovyo akiwa anafikiria. Na ukibaki na wasiwasi kwenye miji ya pwani muulize kitu kimoja, ni upande wa bara au upande wa baharini, na Pangani unaweza ukauliza pia ni huku au ni ng'ambo ya mto, kule Bweni, hapo hakuna atakayepotea tena.

Kwa nini kulia akashinda? Watu wanapenda kumtupia lawama Kiswahili sanifu, kwamba kile kikao cha Mombasa cha 1928 kilichochagua Kiunguja, na ile Kamati ya Lugha iliyoanza 1930, ndo vilimfukuza kuume. Sikubali. Kiunguja kilikuwa na kuume na kulia vyote, na kamusi zimeendelea kumweka kuume mpaka leo, hajawahi kufutwa. Kilichomuua ni gwaride na barabara. Shuleni, jeshini, polisi, skauti, amri ni kulia geuka, kushoto geuka, ukishapigishwa hiyo asubuhi zote za shule ya msingi mwili wako wenyewe unajua kulia ni wapi kabla ya kichwa. Halafu magari, utingo, konda, bodaboda, alama za barabarani, mpira nao, winga wa kulia, beki wa kushoto. Hakuna mtangazaji aliyewahi kusema winga wa kuume. Neno la upande linaishi kwa kutumika haraka, na kuume ana u mbili za kuvuta, kuuu-me, mpaka umalize kulitamka bodaboda imeshapita kona.

Sasa lile swali lako la mwisho, ukilitumia utaonekana umekosea? Kosa hapana. Ni Kiswahili sanifu kabisa, liko kwenye kamusi, mwalimu atakayekukata maksi kwa mkono wa kuume mlete kwangu. Kwenye shairi, kwenye hotuba ya heshima, kwenye maandishi ya dini, kwenye hadithi ambayo mzee anaongea, linakaa vizuri. Kumsifia msaidizi wa mtu ukasema huyu ni mkono wake wa kuume, safi pia, tena linapendeza kuliko kulia. Mwenzake muwekee kushoto, kuume na kushoto wameshazoeana, hakuna atakayeshtuka. Mkono wa kike mwachie mzee wa Pangani au muweke kwenye mazungumzo ya hadithi, manake vijana watakuelewa vibaya. Na kumwelekeza bodaboda usilitumie, mimi mwenyewe silitumii, nataka kufika.

Andika u mbili, kuume, sio kume. Na uangalie usichanganye na uume ambalo ni neno jingine na linakwenda mahali pengine, hasa kama unaandika kwa simu inayojifanya inajua kukusahihisha.

Kuna sehemu moja tu ambapo ile jozi nzima bado inatembea na miguu yake yote miwili, nayo ni kwenye undugu. Jamaa wa upande wa baba ni wa kuumeni, wa upande wa mama ni wa kukeni. Kwenye harusi za pwani vilevile, watu wa bwana harusi ni kuumeni na wa bibi harusi ni kukeni, utasikia mama anauliza jikoni, sinia hizi za kuumeni zimeshatoka? Hapo hakuna habari ya kulia wala kushoto, ni watu. Kwa hiyo ukirudi Pangani kwa shughuli ya heri safari hii, inshallah, na mtu akakuuliza wewe ni wa kuumeni au wa kukeni, usimwonyeshe mkono, mtajie ukoo.